Kwenye bango nimeshika blenda, dukani ndiye ninayefungua inveta

Assalaam alaykum Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 27, mkaazi wa Mjini Unguja. Nimesomea umeme katika chuo cha mafunzo ya amali, na huu ni mwaka wangu wa nne nauza katika duka la vifaa vya umeme Mlandege. Tunauza friji, friza, feni, pasi, pampu za maji, inveta za kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani na betri zake, drili, waya wa kila unene. Tajiri wetu ni mtu mzima, tunamwita Ami, na hajanivunjia heshima hata siku moja. Mshahara analipa kwa wakati. Nalisema hili mwanzo usije ukadhani nimekuja kumsema mtu mbaya.

Dukani tuko watatu: mimi, mpwa wa Ami anayekaa kwenye fedha, na kijana mmoja nitakayemwita Kaka wa Maboksi, kwa sababu aliajiriwa kushusha mizigo. Mteja akiingia, hasa akiwa mwanamme, huuliza, "Hakuna mtu hapa?" Shangazi, mimi nimesimama mbele yake. Nikimwambia karibu nikusaidie, ananitizama, kisha anasema wazi: "Namtaka yule kijana." Kaka anakuja, anaulizwa, hajui, anakuja kuniuliza mimi pembeni ya rafu, anarudi kwa mteja na jawabu langu. Mteja anafurahi, analipa, risiti inaandikwa jina la Kaka. Na kwetu kila friji na kila inveta ina kamisheni yake.

Mwezi uliopita alikuja bwana mmoja anataka inveta ya wati 600 imuendeshee friji pamoja na pampu ya hosipawa moja. Nikamwambia kwa adabu kuwa pampu hiyo peke yake inakula zaidi ya wati 700 ikishazunguka, na pale inapowashwa inavuta mara kadhaa ya hapo, kwa hiyo inveta hii haiiwezi. Akacheka. Akamgeukia Kaka: "Eti, itavuta?" Kaka akasema itavuta tu. Siku ya tatu bwana karudi, inveta inanuka moshi. Ami akaniita mimi niifungue. Niliifungua, nikabadilisha kilichoungua, ikafanya kazi. Yule bwana alinisimamia kichwani muda wote, na alipoondoka mkono alimpa Kaka.

Hayo nilishayazoea. Kilichonifanya nikuandikie ni bango.

Ami anafungua duka la pili kabla ya Ramadhani. Alileta mpiga picha, tukapigwa sote. Mimi nilipigwa nyengine nimeshika mita yangu ya kupimia umeme, nyengine nimeshika blenda. Nikajua itachaguliwa ya mita, maana Ami mwenyewe ndiye aliyesema "hebu shika na mita yako". Bango limetoka: mimi na blenda, meno yote nje, chini imeandikwa "Jiko la mama lipendeze". Upande wa pili Kaka anatoboa ukuta, "Kazi za wanaume". Wallahi Shangazi, ukuta ule ni wa mawe na ncha aliyoifunga kwenye drili ni ya mbao. Picha iko barabarani, iko Instagram, iko WhatsApp, na mama yangu keshaituma mpaka Pemba.

Juu ya hayo Ami anasema duka jipya litakuwa na pande mbili. Upande wa kinamama nitausimamia mimi, upande wa ufundi atausimamia Kaka. Mimi naongezewa elfu 60, Kaka laki moja.

Kuna na jambo jengine. Mchumba wangu, harusi yetu Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, inshaallah, kaiona picha na hakupendezwa. Yeye hana habari na blenda, anachosema ni kuwa uso wangu usiwe barabarani. Anataka aende kwa Ami akamwambie alishushe. Na najua akienda litashushwa siku hiyo hiyo, bila ya swali. Mama anasema nimwache aende, yaishe. Lakini roho inakataa na siwezi kueleza kwa nini. Nikisema mwenyewe nitaonekana nimeota pembe, nimesahau fadhila. Nikimtuma mchumba, bango litatoka na kaunta itabaki ile ile. Nikinyamaza nitauza blenda mpaka nizeeke. Nifanye nini?

Fundi wa Blenda, Unguja

*

Waalaykum salaam mwanangu. Nitakuita Fundi, blenda tuiweke pembeni kwanza.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu kwa ile ncha ya mbao kwenye ukuta wa mawe. Mara ya pili sikucheka tena, kwa sababu niliona umefunga mizigo minne kwa kamba moja na unataka kuinyanyua yote kwa mpigo: bango, wateja wanaouliza "hakuna mtu", mgawanyo wa duka jipya, na mchumba. Mara ya tatu nikaona mzigo wa tano, ambao umeupitia mbio kama mtu anayepita mbele ya nyumba anayodaiwa. Ni ile risiti. Kazi ya kichwa unaifanya wewe, jina linaandikwa la mwenzako, na fedha zinamwendea yeye, miaka minne sasa. Umeniandikia mistari mingi kuhusu picha na mmoja tu kuhusu risiti. Najiuliza kama si kwa sababu kuilalamikia picha hakuonekani uroho, na kudai fedha kunaonekana.

Tuanze na Ami. Unahofia kuwa hajui thamani yako. Mimi naisoma habari uliyoniletea kinyume chake. Inveta iliponuka moshi alimwita nani? Aliposema "shika na mita yako" alimwambia nani? Huyu mzee anajua vizuri fundi wake ni yupi. Asichoamini ni kuwa barabara itakubali kununua kwa fundi huyo, kwa hiyo ujuzi wako anautumia nyuma ya rafu na uso wako anauweka mbele na blenda. Kama nimekosea utanisahihisha, wewe uko naye kila siku. Lakini kama ni hivyo, basi huna haja ya kwenda kwake kuthibitisha kuwa unajua umeme. Mfanyabiashara anaogopa kupoteza mteja, na mazungumzo yenu yaanzie hapo.

Sasa kuhusu blenda yenyewe, na hapa naomba unistahamilie. Unasema utauza blenda mpaka uzeeke, kama kwamba upande wa kinamama ni adhabu. Nani ananunua friza katika mji huu? Mama anayeuza malai na barafu za vifuko. Mama wa juisi ya ukwaju, wa keki za harusi, wa samaki wa kuweka akiba. Yule anayekuja na fedha za kikoba zimefungwa kwenye pembe ya kanga anataka mtu wa kumwambia ukweli: friza hili litanilia umeme wa TUKUZA, huu wa kulipia kabla, kiasi gani kwa siku, umeme ukikatika usiku barafu yangu itakaa saa ngapi, nikiliweka karibu na jiko litanisumbua? Hayo ni maswali ya ufundi matupu, na yanaulizwa na wanawake. Kwa hiyo kabla hujakataa wala hujakubali, muulize Ami jambo dogo tu: friji na friza viko upande upi? Ni vitu vya jikoni, na ni vitu vya umeme. Na inveta anayoinunua mama wa malai, kamisheni yake inaandikwa wapi? Pengine hata yeye hajalifikiri. Pengine amelifikiri, na hapo utajua elfu 60 zile zimekuja kununua nini.

Sisemi upokee upande huo na ushukuru. Hatari yake naiona: unaweza kuufanya uchangamke, ukauza kuliko Kaka, na mwaka kesho watu wakasema "unaona, wanawake wanafaa jikoni". Gereza likipakwa rangi nzuri linabaki gereza.

Hizi habari za kazi ya mwanamme na kazi ya mwanamke, kwani, zimeandikwa wapi? Ingia Darajani uone doti za kanga zinauzwa na nani. Wanaume watupu, na wanajua jina gani litamchoma mke mwenza kuliko sisi tunaolivaa. Nguo zetu za harusi wanashona wao. Kofia ya viua wanayokwenda nayo msikitini inashonwa na wanawake barazani, tundu kwa tundu, na hakuna aliyewahi kuvua kofia akasema hii kafanya mwanamke siitaki. Na kule Kibokwa, Kaskazini Unguja, kuna chuo cha Barefoot ambacho kinamama wa vijijini, wengine hata kusoma hawajui vizuri, wanafundishwa kufunga na kutengeneza umeme wa jua, kisha wanarudi kuwasha taa katika vijiji vyao. Ukienda kumuona Ami, mfano wa Kibokwa utakufaa kuliko hotuba.

Wenzetu wa Uingereza jambo hili wameliwekea kanuni. Tangu Juni 2019 tangazo haliruhusiwi kuonyesha dhana za kijinsia zinazoweza kuleta madhara, na Agosti mwaka ule ule matangazo mawili ya televisheni yalipigwa marufuku. Moja lilikuwa la gari: wanaume wako angani na kwenye mashindano ya riadha, mwanamke kakaa benchi na kigari cha mtoto. La pili lilikuwa la jibini, na waliodhalilishwa ni wanaume: kina baba wawili wameshughulika na chakula mpaka wanawasahau watoto wao wachanga kwenye ule mkanda unaozungusha sahani mkahawani. Kanuni ile ni ya huko na haimfungi Ami. Nimeikumbuka kwa sababu ya Kaka.

Maana nataka nikuulize kuhusu Kaka. Bango linalokukera limemtia na yeye mahali asipopawezea. Siku ile alipoulizwa "itavuta?", mbele yake kulikuwa na mwanamme mwenzake anayemtizama kama mtu anayejua. Kusema "sijui, muulize dada" kungemshusha, basi akasema itavuta. Ile inveta iliunguzwa na aibu ya kusema sijui. Sasa anapewa laki moja asimamie upande mzima wa vitu asivyovijua, na unadhani analala? Wewe umemkasirikia, una haki, kamisheni zako amekula. Lakini hujaniambia kama mmewahi kukaa mkazungumza. Tena jina ulilompa, Kaka wa Maboksi! Mwanangu, na wewe umemtia boksini. Huenda ukimkuta faragha akakwambia ataona raha risiti zikiandikwa sawasawa, mradi umfundishe drili inashikwa vipi. Huenda pia akakataa, maana laki moja ni laki moja, na akakutangulia kwa Ami kusema unamchongea. Unamjua wewe, mimi simjui.

Kumkabili Ami mwenyewe kuna njia zaidi ya moja. Kuna ya kwenda na hasira ya bango, na naiogopa, kwa sababu bango limeshalipiwa na mzee atasikia lawama tu. Kuna ya kwenda na daftari. Anza leo: kila mteja uliyemjibu wewe, andika tarehe, kifaa, na jina lililoingia kwenye risiti. Andika na kilichorudishwa, na aliyekiuza. Baada ya wiki tatu utakuwa na karatasi ambayo mfanyabiashara yeyote anaisoma bila ya kukasirika. Hapo unaweza kuomba vitu vidogo vinavyojaribika: risiti iandikwe jina la aliyemhudumia mteja, na ile picha ya mita itumwe Instagram wiki moja tu tuone. Picha ya simu haigharimu kitu. Ikileta wateja, Ami ataona mwenyewe. Isipoleta, au ikileta maneno ya kejeli, na yatakuja, basi ujiandae kuyameza ukiwa umesimama dukani na watu wa mtaa wako wanapita.

Na wale wa "hakuna mtu hapa"? Hao hawaishi. Lakini Ami akiwajibu mara moja tu mbele yako, "mtu ni huyo, muulize yeye", neno lake lina uzito ambao daftari lako halina. Pengine hilo ndilo la kumuomba kuliko yote.

Kuhusu sheria nitasema kidogo. Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya mwaka 2005, inakataza ubaguzi kazini, pamoja na ule wa jinsia, na tofauti kati ya elfu 60 na laki moja kwa mtu mwenye cheti na asiyekuwa nacho ni kitu cha kuuliziwa sababu. Jumuiya ya wanasheria wanawake, ZAFELA, na Kituo cha Huduma za Sheria wanashauri watu kama wewe. Kwenda kuuliza si kushitaki. Ila ukifika kwenye kushitaki, yule utakayekutana naye kesho yake dukani hatakuwa Ami tena, atakuwa mwajiri, na duka la watu watatu ni dogo sana kwa hilo.

Sasa mchumba. Hapa ndipo roho yako inapokataa na unasema huwezi kueleza. Acha nijaribu kukusaidia, nawe uniambie kama sipo. Akienda yeye, bango litashuka kwa sababu mwanamme kasema. Ami atajifunza kuwa picha ya mfanyakazi wa kike inaombwa ruhusa kwa mchumba wake. Msichana atakayeajiriwa baada yako ataulizwa kwanza, "Una mtu? Anakubali?" Utakuwa umepata ulichotaka kwa ufunguo ule ule uliokufungia mlango. Nadhani roho imeliona hilo kabla ya kichwa.

Lakini kuna kitu nacho huenda hujakiona. Picha unayoitaka wewe, ile ya mita, nayo ni uso wako. Ikipanda barabarani, mchumba atakuwa na neno lile lile. Kwa hiyo wewe na yeye hamko upande mmoja, ingawa kwa sasa nyote mnataka bango lishuke. Je, umemwambia kuwa ungependa jengine lipande? Umemuuliza kama baada ya Mfungo Mosi utaendelea kusimama kaunta? Simlaumu. Mtu kuona picha ya mchumba wake inajadiliwa na wasiomjua si jambo jepesi, na kutaka uso wake usitembezwe ni haki ya mwanamke pia. Kama na wewe ndani ya nafsi yako hutaki kuonekana barabarani, liseme kwa mdomo wako, kwa sababu yako, na Ami atakusikia. Mita inaweza kupigwa picha mkononi tu, bila ya uso, na pengine hilo likawafaa nyote. Lakini mazungumzo yale bora yawe sasa, juu ya chai, kuliko yawe mwezi wa pili wa ndoa. Mama muache na furaha yake kidogo. Bintiye yuko kwenye bango.

Njia moja zaidi, nawe upime. Wako wanawake wengi wanaokaa na pampu mbovu siku mbili tatu kwa sababu mume yuko safari na hawapendi kumwingiza fundi mwanamme ndani. Dada yangu wa Kiembesamaki alioga kwa ndoo wiki nzima kwa sababu hiyo. Fundi mwanamke mwenye mkoba na mita yake angegonga hodi akakaribishwa mpaka jikoni. Ni kweli, mlango huo unafunguliwa na dhana zile zile tunazozilalamikia, na kuanza peke yako kuna vifaa vya kununua, kuna miezi ya kukaa bila ya kuitwa, kuna harusi ya kulipia. Wala si lazima uache duka. Siku zako za mapumziko zinatosha kujaribu. Hata Ami anaweza kulipenda, fundi wa kike anayetoka dukani kwake kwenda kumfungia mteja majumbani. Au asilipende.

Sikuamulii. Wewe ndiye utakayesimama kaunta asubuhi, si mimi. Niandikie ukishaliuliza lile la friji liko upande upi, nina hamu ya kujua alijibu nini.

Na kabla sijafunga barua, wacha na mimi nikuulize, maana hapa mtaani kila fundi ananambia lake. Friza langu lina miaka sita. Chini linagandisha mpaka kisu hakipiti, juu maziwa yanaharibika, na usiku mota haizimi hata dakika moja. Mmoja kasema gesi, mmoja kasema ni ule mpira wa mlangoni. Ni kipi nianze kukitizama?

Shangazi